Meno ya Editha na Dawa Niliyoificha

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada Agnesi, shikamoo.

Najua ukipokea bahasha badala ya simu utashtuka, kwa hiyo naanza na hili: Editha yu hai. Lusia naye ni mzima. Mimi nakula, nakwenda kazini, narudi. Hakuna msiba. Ukishashusha pumzi, tafuta mahali ukae peke yako usome, halafu utaamua mwenyewe Mama asomewe nini na nini kiachwe.

Mama anaendeleaje na magoti? Mara ya mwisho ulisema anakwenda kanisani kwa fimbo na hataki mtu amshike mkono. Na Shemeji, ule mkono aliouvunja alipoanguka kwenye mkorosho umeunga vizuri, au bado unamuuma akishika jembe? Nasikia mvua za huko Masasi zilikatika mapema. Huku zilinyesha mpaka tukazichoka, na zilipokwisha tu upepo ukaanza, na vumbi lake. Nawawaza sana. Siku nyingine niko chini ya lori nasikia mtu anaongea kwa lafudhi ya kwetu, natoka haraka nimwone, nakuta ni dereva wa kutoka Mtwara anayepita kwenda Kongo, wala hana muda wa salamu.

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana. Simu isingefaa, kwa sababu ukipokea huwa unaweka sauti ya juu Mama asikie, na majirani wakiwapo nao wanasikia. Kuna maneno siwezi kuyasema mbele ya watu wote hao.

Unakumbuka picha ya Pasaka niliyokutumia, Editha amevaa gauni la njano, amecheka? Ulinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Festo, huyu mtoto meno yamekuwaje? Mnamlisha nini huko mpakani?" Na nyuma yako nikamsikia Mama: "Pipi hizo. Mama yake anamnyamazisha kwa pipi." Lusia alikuwa anakanda unga wa maandazi ya kuuza, akasikia kila neno. Aliendelea kukanda hata baada ya unga kulainika. Mimi nikakuandikia kwamba ni maji ya huku, kwamba yanabadilisha meno ya watoto wengi. Ulikuwa uongo, Dada. Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka kuulizwa zaidi, na kwa kusema hivyo nilimwacha Lusia abebe lawama ambayo si yake.

Kifua cha Editha unakijua kuliko mtu yeyote. Lusia alipolazwa muda mrefu baada ya ule ujauzito kuharibika, ni wewe uliyempokea mtoto akiwa na mwaka mmoja, ukakaa naye mpaka akafika miaka minne na nusu. Ni wewe uliyekuwa unamfunga mgongoni na kukimbia naye zahanati huku kifua kinapiga miluzi. Ni wewe uliyekaa naye ameegemea kifuani kwako kwa sababu ukimlaza chali hapumui. Mimi nilikuwa nasikia kwenye simu tu, na nikikata simu narudi gereji kwenye breki za malori.

Nilipomchukua nilidhani namleta kwenye nafuu, mji wenye hospitali karibu. Lakini Tunduma hujaiona. Tumepanga vyumba viwili mtaa wa nyuma ya maegesho, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yanapanga foleni mpaka karibu na dirisha letu, injini zinanguruma mchana kutwa. Lusia alikuwa anapika kwa mkaa. Mimi nilikuwa narudi na vumbi la breki kwenye ovaroli, naye Editha ananikimbilia mlangoni kunikumbatia, anaweka uso wake hapo hapo kwenye vumbi. Mwezi wa pili tu tangu afike alibanwa vibaya. Hospitali wakasema ni pumu, wakatupa dawa mbili za kuvuta, zile wanazoziita inhela. Moja ya bluu, ya kumwokoa akibanwa. Nyingine ya kahawia, ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni hata kama hana shida, ili asibanwe kabisa. Lusia alitoboa kitako cha chupa ya maji, akaichomeka dawa humo, Editha akawa anavutia mdomoni mwa chupa, taratibu, kama alivyoelekezwa.

Dawa ile ilimsaidia. Nataka ujue hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe nililiona hilo kwa macho yangu na bado nikafanya nilichofanya. Alikimbia. Aliruka kamba na wenzake mpaka akaitwa kula mara tatu. Sikuwahi kumwona mwanangu akiruka kamba.

Tatizo likawa meno. Yale ya utoto yalioza mapema, tukasema hayo yatang'oka, yatakuja mengine. Alipofikisha miaka sita yakaota magego makubwa ya nyuma, manne, na baadaye mawili ya mbele juu. Hayakutoka meupe. Magego yalitoka ya njano iliyokolea, na ya mbele yalikuwa na mabaka ya kahawia. Nilidhani ni uchafu. Nilimkalisha kwenye kigoda nikamsugua kwa mswaki mimi mwenyewe, nikamsugua mpaka akalia, na mabaka yakabaki pale pale. Haukupita mwaka gego moja likaanza kumeguka. Alikuwa anakula ugali na maharage, si muwa wala mfupa. Akatoa kipande kwenye ulimi, akanionyesha kiganjani: "Baba, kuna jiwe kwenye maharage." Halikuwa jiwe.

Baada ya hapo maji ya baridi yakawa yanamuuma. Hewa ya asubuhi ikiingia mdomoni ilikuwa inamuuma. Akawa anatafuna kwa upande mmoja, kisha kwa meno ya mbele tu, kama sungura, na anakula kidogo mno. Shuleni wakampa jina. Wakamwita Kutu. Dada, neno hilo nalitaja mara kumi kwa siku kazini, boliti ina kutu, ngoma ya breki ina kutu, na sikuwahi kufikiri linaweza kuitwa mtoto. Mwalimu wake, mama mmoja mpole, alinisimamisha getini akaniambia, "Baba Editha, huyu mtoto anajua kusoma, namsikia akijisomea. Lakini nikimwita asimame mbele anaziba mdomo kwa mkono, sauti haitoki, na darasa zima linacheka. Sasa nimeacha kumwita." Niliona mwalimu ameniambia kwa huruma, lakini nilivyorudi gereji sikuweza kufungua hata nati moja.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na dereva mmoja Mzambia, mtu mzima, tunamwita Bashi Mulenga, yaani Baba Mulenga kwa Kibemba chao. Lori lake hutengenezwa kwetu kila akipita. Akaniuliza kwa nini nimenuna, nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Anavuta ile muti ya pumu?" Muti kwao ni dawa.

"Anavuta, kila siku."

"Basi ni hiyo. Inakula meno, mwaice, mdogo wangu. Mwana wa dada yangu kule Kitwe alivuta, meno yote kwisha. Simamisha hiyo muti."

Hakuwa na nia mbaya. Alisema anachokijua, akalipanda lori lake akaenda zake. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyeingia kwenye simu kutafuta, na nikakuta maneno mengi: kwamba dawa hizo zinakausha mate, kwamba zina asidi, kwamba watoto wa pumu wengi wana meno mabovu. Na palipoandikwa kwamba mtu asiache dawa bila daktari, nilipapita. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Sikumwambia Lusia. Nilijua angekataa, na nilijua angekuwa na hoja kunizidi. Siku aliyokwenda sokoni nikaichukua ile dawa ya kahawia, nikaiweka gereji kwenye sanduku la spana, na jioni nikamwambia imekwisha, nimezunguka maduka ya dawa yote hakuna, tusubiri mzigo. Ilikuwepo. Duka la kwanza tu la jirani nilikuwa nimeiona juu ya rafu.

Kila baada ya siku mbili alikuwa ananiuliza.

"Haijaja?"

"Bado."

"Na hospitali umeuliza?"

"Nimeuliza. Bado."

Sikuwa nimekwenda hospitali. Akasema basi apande gari aende Mbeya akaitafute mwenyewe. Nikamwambia asijisumbue, nimemwagiza dereva. Hakukuwa na dereva. Uongo mmoja ukawa unadai mwingine, na mimi nikawa nautoa tu, bila hata kigugumizi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wiki tatu za kwanza mtoto alikuwa mzima. Hakukohoa. Alicheza. Mimi nikawa namwangalia mdomoni kila asubuhi nikidhani meno yameanza kung'aa, na nikajiona mtu mwenye akili, mtu aliyegundua kitu ambacho madaktari wamekificha. Nilikuwa najisikia fahari, Dada. Nakuandikia hili ulijue jinsi lilivyokuwa.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, upepo ulivuma tangu asubuhi na vumbi likawa linapita juu ya mabati. Saa nne mwalimu akanipigia. Nilimkuta Editha amekaa kwenye ngazi ya darasa, mikono ameiegemeza magotini, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mwalimu ameshika ile dawa ya bluu.

"Nimempulizia mara sita, Baba Editha. Haimsaidii."

Editha aliponiona alitaka kuniita. Akasema "Ba," pumzi ikakata, akajaribu tena, "Ba," ikakata tena. Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ambayo sitaki kuiandika. Nikampakia kwenye boda, mimi nyuma yake nimemshika. Hatukufika mbali. Lori lenye tela lilikuwa linageuza, limekata barabara nzima, na nyuma yake mengine yamebanana. Nikashuka, nikambeba, nikakimbia kupita katikati ya malori, chini ya mabomba ya moshi yale yale ninayofanya nayo kazi kila siku. Kuna dereva aliyenitambua akaniita, "Fundi, vipi breki zangu?" Nikaendelea kukimbia. Nilikuwa nasikiliza kama miluzi ya kifua bado ipo, maana palepale katikati ya barabara kifua kilinyamaza, na nilijua kunyamaza kule si kupona.

Hospitali walimwekea hewa, wakamwekea mashine ya kuvuta mvuke wa dawa, wakamchoma sindano. Nilisimama ukutani. Lusia alikuja mbio kutoka sokoni, bado amefunga aproni yake ya maandazi, akaenda moja kwa moja kitandani akashika mguu wa mtoto. Kisha miluzi ikarudi, na nesi akasema, "Haya, sasa anapitisha hewa," na Lusia akakaa chini sakafuni.

Daktari, kijana mdogo kuliko mimi, akaja na karatasi.

"Dawa ya kahawia anatumia?"

"Imekosekana mjini, daktari," Lusia akajibu. "Karibu mwezi sasa. Baba yake anaitafuta kila siku."

Daktari akainua uso. "Imekosekana wapi, mama? Ipo hapo dirisha la dawa. Sikumbuki mara ya mwisho kutuishia."

Lusia akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananisubiri nieleze, kwa uso wa mtu anayeamini maelezo yapo.

"Festo?"

"Ninayo," nikasema. "Iko gereji."

"Iko gereji inafanya nini?"

"Niliona inamharibu meno."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniangalia kidogo, akamwangalia Editha mwenye barakoa ya hewa usoni, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Na mimi nimekuwa nikiomba kanisani ule mzigo ufike."

Daktari akaweka karatasi chini. "Baba, kama ulikuwa na wasiwasi na meno ungekuja kutuuliza. Tungekukumbusha kusukutua."

"Kusukutua nini?"

"Mdomo. Kila akimaliza kuvuta anasukutua kwa maji, anatema. Tunamwambia kila mzazi siku ya kwanza anapopewa dawa."

Lusia akasema, "Siku ya kwanza aliletwa na baba yake."

Ndipo nikakumbuka. Nesi alikuwa ananieleza, simu ikaita, mteja amekwama Nakonde na lori limejaa shaba. Nikamwinulia nesi kidole asubiri, nikatoka nje. Niliporudi alikuwa na mgonjwa mwingine. Nikachukua mfuko wa dawa mezani nikaondoka, na nyumbani nikamweleza Lusia nilichokisikia tu: bluu ya kuokoa, kahawia ya kila siku. Miaka minne mtoto amevuta dawa bila kusukutua, kwa sababu ya simu ile.

Alilazwa siku sita. Alipopata nguvu tukampeleka kwa daktari wa meno Mbeya, mama mtaratibu, akatuchorea jino kwenye karatasi. Nitakueleza alivyotueleza, kwa sababu linakuhusu. Alisema jino lina gamba gumu la nje, na gamba hilo linajengwa jino likiwa bado limefichwa ndani ya ufizi. Yale magego makubwa yanajengewa gamba tangu mtoto anazaliwa mpaka kama miaka mitatu. Mtoto akiugua sana katika miaka hiyo, akawa mtu wa homa na kukosa pumzi, gamba linaweza kutoka laini, na hakuna anayeona mpaka jino liote. Watoto wenye pumu wanakutwa na hali hiyo zaidi ya wengine. Nikamuuliza ni pumu yenyewe au ni dawa. Akasema wenyewe wanaosoma mambo hayo bado hawana jibu moja. Halafu jino likishaota, mtoto wa pumu anapumulia mdomo, mate yanakauka, dawa nazo zinakausha, na zile dawa tamu za kikohozi tulizokuwa tunampa zinabaki kwenye meno usiku kucha. Gamba zima lingevumilia hayo. La Editha lilitoka limeshachoka.

Najua unachofikiri sasa, Dada. Miaka hiyo alikuwa kwako. Nilijua utafikiri hivyo, kwa hiyo nikauliza: mtu aliyemlea wakati huo, kuna kitu angefanya? Daktari akasema, "Angefanya alichofanya, kumwahisha apate pumzi. Asingefanya hivyo, leo tusingekuwa tunazungumza juu ya meno." Hayo ni maneno yake, sikuyaongeza. Yashike. Na Mama umwambie wazi kwamba Lusia hakumharibu mtoto kwa pipi. Aliyetaka kumuua si Lusia.

Magego yote manne yalikuwa yameharibika, hayazibiki. Yaling'olewa mawili siku moja, na mawili baada ya wiki mbili, dawa yake ya bluu ikiwa mezani. Mimi ndiye niliyemshika kichwa mara ya kwanza. Kabla ya sindano ya ganzi Editha akaniuliza, "Baba, haya nayo yataota tena kama yale ya zamani?"

Nilimgeukia daktari. Lusia alikuwa anatazama ukuta. Daktari ndiye aliyemjibu. "Hapana, mama. Haya hayaoti tena. Labda yaliyo nyuma yake yakija yatasogea mbele kidogo, yakusaidie kutafuna."

Editha akasema, "Sawa." Akafungua mdomo mwenyewe, kabla hajaambiwa. Ana miaka tisa.

Tulipotoka pale siku hiyo Lusia hakurudi Tunduma. Alikwenda naye kwa wazazi wake Mbozi, kwenye kahawa, ambako hakuna foleni ya malori. Baba mkwe amemkatalia Editha kuingia jiko la kuni, anapikiwa na kuletewa nje. Amepata shule. Kifua kimetulia, na hilo nashukuru. Nilipomuuliza Lusia anarudi lini, alisema, "Sijakuacha, Festo. Lakini mtoto sitamwacha na wewe." Nilitafuta kosa kwenye maneno hayo, usiku na mchana nimelitafuta, sijalipata. Watu wa hapa gereji wanadhani mke wangu amekwenda kusaidia kuvuna kahawa. Nimewaacha wadhani hivyo.

Nakwenda kila Jumamosi. Nabadilisha nguo kwa rafiki kabla ya kupanda gari, nisimpelekee vumbi. Ananisalimia vizuri, "Shikamoo Baba," ananipa kiti, ananionyesha daftari. Wale watoto wa huko hawajampa jina baya, lakini bado anaziba mdomo kwa mkono akicheka, hata nikiwa naye peke yangu. Sijui kama ni aibu ya meno au ni mimi.

Jumamosi iliyopita nilifika jioni, saa yake ya dawa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, chupa ameishika, ile ya kahawia ameichomeka tayari, na kikombe cha maji ya kusukutua kipo pembeni. Nikachuchumaa mbele yake nimtazame anavyovuta. Hakuvuta. Alikaa tu na ile chupa mikononi, macho chini. Nikamwambia, "Vuta, mama, muda umefika." Akasema, "Nitavuta, Baba." Na hakuvuta. Nilipoona hivyo nikainuka nikasema nakwenda kumsalimia babu shambani. Nilipovuka mlango tu nikasikia dawa inapulizwa, mara mbili, halafu maji, halafu kutema. Alikuwa anasubiri nitoke. Dada, mtoto wangu anaogopa nisije nikaichukua.

Sijui mtu anaanzia wapi kutoka hapo. Nimemwomba msamaha, akasema "Sawa" ile ile aliyoisema kwa daktari. Nasali, lakini nikifika kwenye jina lake nakwama. Usinijibu kwa kunifariji, na usimpigie Lusia kunitetea. Kama utaweza, mwandikie Editha yeye mwenyewe, kwa mkono wako, herufi kubwa kubwa, anajua kusoma. Mwambie jinsi ulivyokuwa unambeba. Nadhani anahitaji kujua kwamba kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kushika pumzi yake na asiiache.

Nisalimie Mama, ukiamua kumsomea yote, msomee, nami sitapiga simu kwa wiki moja, ili asije akanilaani na kunibariki kwenye simu moja. Nisalimie Shemeji, na mkono wake. Baba Mdogo katekista mwombe amtaje Editha kwenye sala za wagonjwa, bila kueleza sababu. Shangazi Paulina, aliyempa Editha ile kanga ya kumbebea, mwambie Lusia bado anayo. Wanao wawili wasalimie, na ukiwasikia wanakohoa usingoje.

Natia nukta hapa kwa sababu gari la asubuhi ndilo litakalobeba bahasha hii, na nikiisoma tena nitaichana.

Mimi mdogo wako niliyekosa,
Festo.